Ya Baridi au ya Moto?

"Ya baridi au ya moto, kaka?"

Nilikuwa nimetoka Dar alfajiri kwa basi. Nilifika Arusha jua likizama, na mwenyeji wangu hakunipa hata nafasi ya kuoga: moja kwa moja hadi Kwa Mrombo, kwenye nyama. Nikaagiza Safari, na dada akaniuliza swali hilo. Mgeni wa nchi akilisikia anaweza kudhani tuna bia tunazochemsha. Ya moto ni ile iliyotolewa kwenye kreti pembeni ya kaunta, haijaonja friji. Nimeulizwa hivyo tangu nilipoanza kunywa, na siku zote nimejibu "ya baridi" kabla muulizaji hajamaliza. Meza ya jirani walikaa wazee wawili wenye majaketi mazito, kila mmoja na Safari yake ya moto. Nikawacheka kimoyomoyo.

Nyama unaichagua mwenyewe ikiwa bado inaning'inia. Nilionyesha mbavu na kipande cha paja, nikausimamia mzani mpaka ukatulia kwenye kilo moja na nusu, nikarudi kukaa. Hapo ndipo nilipoharibu. Mbuzi haharakishwi. Mchomaji aliyekuwa zamu alikuwa na chupa ya plastiki yenye maji, kizibo chake amekitoboa kwa msumari. Kila mafuta yalipodondoka na moto kuruka, aliubinya ule mchirizi palepale ulipotokea ulimi wa moto, asimwage hata tone kwenye nyama. Mtu anayefanya kazi kwa mtindo huo hakuletei sinia baada ya dakika ishirini. Saa nzima ni kawaida, saa moja na nusu si ajabu.

Nami nikaingoja hiyo saa moja na nusu kwa Safari tatu. Chupa nusu lita, kilevi asilimia 5.5, mara tatu, juu ya tumbo lililokuwa limepata karanga za Korogwe tu. Nyama ilipofika, imekatwakatwa, rundo la chumvi kwenye kona ya sinia, pilipili mbuzi, limao na ndizi za kuchoma zilizopasuka ganda, nilikuwa natafuna tu. Mwenyeji wangu, ambaye alikuwa anaendesha gari na kwa hiyo alikunywa Stoney Tangawizi jioni yote, alikuwa anafumba macho kwa utamu. Mimi nikafungua ya nne, ya baridi kiasi cha kuumiza meno, na hapo kitu kingine kikaanza: utando. Kaakaa lote lilifunikwa na kitu kama nta. Kadiri nilivyokunywa ndivyo utando ulivyozidi.

"Shikamoo mzee," nilisema, maana mmoja wa wale wazee alikuwa ananitazama ninavyojilambalamba midomo.

"Marahaba. Kijana, hayo mafuta unayagandisha mwenyewe."

Alikuwa anasema kweli tupu. Mafuta ya mbuzi, kama ya kondoo, ni magumu kwa asili. Joto la mdomo peke yake linayayeyusha kwa shida. Aliyewahi kufunua sufuria ya mchuzi wa mbuzi uliolala anakijua kile kisahani cheupe kinachokaa juu. Ndicho nilichokuwa nakitengeneza kinywani, kwa msaada wa friji. Na baridi kali ina kosa la pili: inautia ulimi ganzi, kwa hiyo utamu wa kimea na uchungu wa hopsi, vitu viwili unavyovilipia katika bia, havionekani. Unabaki na gesi na ubaridi, ambavyo hata soda inavyo.

Usiku wa pili nilirudi na daftari. Nilianza na Kilimanjaro moja ya baridi, asilimia 4.5, ya kusubiria. Nyama ilipoanza kukatwa nikaomba Safari ya moto, kwa aibu kidogo. Uchungu wake uliingia katikati ya mafuta na moshi kama mtu anayejua anapokwenda, na utando haukuja. Nikawatafuta wale wazee niwakirie makosa yangu, hawakuwapo.

Ila nisiwape ushindi wote. Ilikuwa Julai. Arusha iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai sakafu ya saruji ya baa ni friji nusu. Chupa niliyoletewa kama "ya moto" ilikuwa na ubaridi wa maji ya mtungi. Ukiomba ya moto Dar es Salaam mwezi wa Februari utaletewa kitu kingine kabisa: bia yenye joto huachia gesi yake haraka, povu linajaa glasi, na baada ya dakika chache imelala. Gesi ndiyo inayosugua mafuta ulimini. Bia iliyolala haisugui chochote. Kwa hiyo neno ni lilelile na kitu ni kingine, na hilo ndilo lililonifanya niendelee kuuliza swali la yule dada katika kila mji niliopita.

Namanga nilivuka asubuhi, nikaingia Kenya. Ukitaka kujua bia ina uzito gani katika siasa za majirani hawa, kumbuka kuwa waliwahi kupigana vita vya bia. Wasauzi waliokuwa wamenunua hisa za TBL, kampuni ya bia ya Tanzania, miaka ya 1990 walifungua kiwanda cha Castle Thika mwaka 1998, mlangoni kabisa kwa Tusker ya Kenya. Wakenya nao walikuwa wameingia Moshi, kwenye kiwanda cha Kibo. Mwaka 2002 wakapatana. Thika ikafungwa, Kibo ikaachiwa TBL. Wanywaji hawakuulizwa.

Tusker yenyewe ina hadithi ambayo kila mhudumu wa Nairobi atakusimulia ukimpa nafasi. Kampuni ilianzishwa mwaka 1922 na walowezi wa Kiingereza, wakiwemo ndugu wawili, George na Charles Hurst. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo huko alikokwenda kuwinda, na bia ikapewa jina la tembo dume mwenye pembe ndefu. Sisi nasi tunayo Ndovu, ila wetu hakumuua mtu.

Jumamosi saa sita mchana niliingia Kenyatta Market nikiwa na njaa na kiu, nikakutana na sheria. Tangu mwaka 2010 Kenya ina sheria ya vileo ambayo watu wanaiita ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeisukuma, John Mututho: baa hufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana Jumamosi na Jumapili. Basi nikala mbuzi wangu kwa soda, na sijutii, kwa sababu soda ilinipa nafasi ya kuitazama nyama ya Nairobi bila pazia. Inaletwa nzima kwenye ubao. Mkataji aliyevaa koti jeupe anaikatia mbele yako, kisu kinafuata mfupa, vipande vinaangukia upande mmoja na chumvi inamiminwa upande mwingine. Ugali, kachumbari. Hakuna viungo vingine. Wakati wa kungoja unaletewa supu kikombeni, jambo ambalo Arusha wanapaswa kuliiga kesho asubuhi: tumbo lililopata supu halilewi na chupa ya kwanza.

Jioni nilirudia zoezi langu kwenye baa nyingine. "Mkubwa, baridi ama moto?" Swali lilelile. Nikachukua moja na moja. Tusker ni asilimia 4.2, nyepesi na kavu, na ikiwa ya baridi sijakutana na bia bora ya kusubiria katika safari yote. Unaweza kuongea nayo saa mbili na ukabaki na akili ya kukagua bili. Kwenye nyama lakini ilizidiwa. Ya moto ilizidiwa zaidi, ikawa kama maji ya shayiri. Wazee wao wa ya moto wapo pia, wengi niliowaona walishika White Cap, nami nilikuwa nimeshajifunza kutowacheka, ila kwa hapo nilibaki na shaka. Kilichookoa meza ile ni kachumbari. Nyanya na ndimu zilikuwa zinafanya kazi ambayo bia ilishindwa, kukata mafuta, na Tusker ikabaki na kazi yake ya kuteremsha chumvi.

Uganda nilipita haraka. Namawojjolo, kwenye barabara ya Jinja kwenda Kampala, huhitaji bia ya kusubiria kwa sababu hakuna kusubiri: basi linapunguza mwendo, na kabla halijasimama madirisha yote yamejaa vijiti vya nyama, mapaja ya kuku na ndizi gonja za kuchoma. Neno letu kuchoma limevuka mpaka likavaa kilemba, huku wanaita muchomo. Nilikula kuku mkavu mwenye moshi mwingi na maji ya chupa, nikafika Kampala na vidole vya manjano.

Kampala ndiko kanuni yangu ya Arusha ilikovunjika, na iliyoivunja ni nguruwe. Walimleta wa kuchoma, ngozi inalia kama kaukau, pamoja na parachichi, muhogo na kitunguu kibichi. Niliagiza Nile Special ya joto la kawaida, kwa kiburi cha mtu aliyefundishwa na wazee wa Kwa Mrombo. Makosa. Asilimia 5.6, utamu wa kimea, joto la mji, na mafuta laini ya nguruwe: vyote vilikuwa vinavuta upande mmoja, na kipande cha nne kikanikinaisha. Mafuta ya nguruwe hayagandi kinywani kama ya mbuzi, kwa hiyo hayana sababu ya kuogopa baridi. Nikaomba nyingine iliyolala kwenye friji tangu jana yake, na meza ikanyooka. Nile inapikwa Njeru, ng'ambo ya mto tu kutoka Jinja, na wenyewe wanajivunia maji ya mto. Mimi najivunia kwamba nilikubali kosa baada ya chupa moja. Bell, nyepesi kama Tusker, niliijaribu pia, na nguruwe aliimeza bila kugeuka.

Kwa kuwa tuko kwenye nguruwe, wapenzi wa kitimoto wa Dar wapokee habari hii. Mwaka 2014 watafiti wa Ureno na Uhispania walichapisha matokeo ya kulaza nyama ya nguruwe ndani ya bia kabla ya kuichoma kwa mkaa. Walikuwa wanapima zile kemikali za moshi na mafuta yanayoungua ambazo zinahusishwa na saratani. Bia nyeusi ilizipunguza kwa asilimia 53, kuliko bia nyingine zote walizojaribu. Mimi hulaza kitimoto changu kwenye bia nyeusi kwa saa chache, chumvi naweka mwishoni, na hata kama hakuna sayansi yoyote ningeendelea, kwa sababu nyama inatoka na uchungu mdogo unaofanana na ule wa ukoko wa wali.

Kigali nilipanda kwenda Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kimekaa miaka mingi na hakuna anayekushangaa ukikiongea. Huko mbuzi haletwi kwa kilo, analetwa kwenye vijiti. Kwa jina la Kifaransa ni brochette, nami niliziita mishikaki wakanielewa, ila mshikaki wa Forodhani, Zanzibar, ukikutana na wa Kigali utamwamkia: vipande vikubwa kama nusu ya kiganja, na kati ya nyama na nyama kipande cha mafuta kilichowekwa makusudi ili kiyeyuke na kuilowesha nyingine. Pembeni mizuzu, ndizi zilizoiva zikachomwa. Na juu ya meza, kichupa cha Akabanga.

Akabanga ni mafuta ya pilipili, yanatoka kwa tone moja moja kama dawa ya macho, na kipimo kile hakikuwekwa kwa urembo. Niliweka matone matano. Kisha nikafanya anachofanya kila mgeni, nikazimia moto kwa Mützig. Kilevi huuchochea moto wa pilipili, na gesi inaumwagia mafuta ya taa. Mützig yenye asilimia 5.5 ilinitoa machozi mbele ya watoto wa watu. Jirani yangu alinisukumia sahani ya mizuzu bila kusema neno. Wanga na utamu vikafanya kazi ambayo bia haikuweza. Tangu hapo, kwenye nyama ya pilipili nyingi natafuta bia dhaifu kuliko zote kaunta, ya baridi, na ndizi karibu.

Usiku uliofuata niliacha Mützig, nikachukua Primus, na hapo ndipo nilipopata ukurasa bora wa daftari hili. "Ya baridi ama ya moto?" aliniuliza mhudumu, kwa Kiswahili kilichonyooka. Ya baridi. Akaleta chupa ya sentilita 72. Kwa aliyezoea nusu lita, chupa ile ni kama kibuyu. Nyama yao nayo inachelewa kama yetu. Nilimimina kidogo kidogo. Theluthi ya kwanza ilikuwa baridi ya kuondolea vumbi, ya pili ilikuwa ya mazungumzo, na mishikaki ilipofika, dakika hamsini baadaye, theluthi ya mwisho ilikuwa imeshapanda joto taratibu kwa hewa ya usiku wa Kigali mpaka pale hasa mafuta ya mbuzi yanapopataka. Gesi bado imo, kwa sababu chupa haikuwahi kuona joto la kweli. Chupa moja ilikuwa imefanya kazi ya mbili bila kuulizwa. Sidhani kama aliyepanga ukubwa ule alikuwa na mbuzi akilini, lakini alipiga shabaha.

Primus ya Rwanda inapikwa Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, na kuanzia miaka ya 1960 kiwanda hicho kilikuwa kinapasha moto mitambo yake kwa gesi ya methani iliyovutwa kutoka vilindi vya ziwa lenyewe. Nililijua hilo kabla ya kuondoka nyumbani. Kunywa ukiwa unalijua kunaongeza ladha, ingawa siwezi kulithibitisha.

Bujumbura kulikuwa na joto na nilikuwa nimeshiba nyama. Nilikula mukeke wa Tanganyika, samaki mwembamba aliyechomwa mzima, kwa Amstel yao ya chupa kubwa. Mukeke ana mafuta yake, ila ni ya samaki, mepesi, hayagandi hata ukiyatia barafu. Baridi tupu, mpaka tone la mwisho. Chupa kubwa iliyonisaidia Kigali hapa ilinisaliti: nusu ya pili ilipata joto la ufukweni nikaimwaga.

Wiki chache baada ya kurudi nilikuwa Zanzibar, Forodhani, ambako jioni mishikaki inanukia hadi baharini na hakuna anayekuuliza ya baridi au ya moto, maana hakuna bia. Nyama imelazwa kwenye viungo, inaletwa na ukwaju. Kijana wa juisi anapitisha miwa kwenye mashine, anaikunja pamoja na ndimu na kipande cha tangawizi, anairudisha tena mpaka makapi yanakauka. Ukinywa hiyo juu ya mshikaki wenye mafuta unaelewa kuwa kinachotakiwa si kilevi. Ni kitu chenye ukali wa kukata na utamu wa kusindikiza. Ndiyo maana mwenyeji wangu wa Arusha, na Stoney yake, aliijua nyama kuliko mimi usiku ule wa kwanza.

Nikilazimishwa kupanga, mbuzi wa Kwa Mrombo kwa Safari ni wa kwanza, mishikaki ya Nyamirambo kwa Primus inamfuata kwa karibu sana, nguruwe wa Kampala kwa Nile ya baridi ni wa tatu. Kwa kungoja, Tusker haina mpinzani, na ni masikitiko kwamba haipati nyama inayolingana nayo. Supu ya Nairobi iletwe kote.

Nawe ukienda Arusha, chagua nyama kwanza ndipo ukae. Ya kwanza iwe nyepesi na ya baridi, moja tu. Ya pili mwambie dada aitoe kwenye friji pale utakapoona mchomaji anaweka ndizi jikoni, aiache mezani bila kuifungua. Ndizi zikipasuka ganda, ifungue.